Usimruke Dalali

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Mguu wa mama yako umepata nafuu, na harusi ya dada yako imesogezwa hadi baada ya Idi.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya neno alilonifikishia binamu yako alipokuja kwenye hitima. Anasema dalali alikuzungusha Kimara kutwa juani mpaka ukapata nyumba uliyoipenda, kisha ukamwambia umeahirisha kununua, kumbe namba ya mwenye nyumba unayo na mmekwisha panga kumalizana wenyewe. Kama ni uzushi, Alhamdulillahi. Kama ni kweli, acha kabisa.

Hesabu uliyopiga naijua. Dalali akitaja asilimia 10 kwenye bei ya nyumba, mtu lazima ashtuke. Lakini asilimia hujadiliwa siku ya kwanza, kabla geti halijafunguliwa. Ukishaoneshwa nyumba, huwezi tena kudai hana chake. Jasho la mtu halidhulumiwi.

Nikusimulie yaliyompata binamu yangu wa Temeke. Alioneshwa nyumba na dalali mtu mzima, aliyekuwa akishinda chini ya mkungu na funguo zake zimefungwa vitambaa vya rangi, kila nyumba na rangi yake. Binamu alirudi usiku peke yake, akapunguziwa bei, wakaandikishana kwa mjumbe. Miezi haikupita mingi, akabisha hodi mwanamke na kaka zake: ndiye mke wa muuzaji, alikuwa Rufiji akimuuguza mama yake, na hiyo ndiyo nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kesi ikaenda baraza la ardhi, ikapigwa tarehe mpaka watu wakachoka, na mama yule akashinda. Binamu akabaki kumfukuza muuzaji, akirudishiwa pesa kwa mafungu kama mtu anayepewa sadaka.

Uchungu wenyewe ni kwamba dalali alijua. Alipoulizwa kwa nini alinyamaza, alijibu: “Mchana ulikuwa mteja wangu, ningekwambia. Usiku ulikwenda kuwa mteja wa mwenye nyumba.” Sikumpenda kwa jibu lile, lakini sikuona la kumjibu. Rahisi huvunja upishi. Dalali wa mtaa anajua nani ana mke wapi, urithi gani haujagawanywa, na kwa nini ukuta fulani umeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI. Udalali unalipia na hayo.

Nami nina sababu yangu ya kuwaheshimu. Nyumba ya babu yenu ya Ngamiani ilipouzwa, habari niliipata kwa dalali, si kwa baba yako wala ami zako. Yeye, mtu baki, aliona haya kuuza nyumba ambayo binti wa marehemu hajaambiwa. Ndugu zangu wa damu hawakuona haya. Fungu langu nililidai mwenyewe mpaka likatoka, na ndilo lililoezeka nyumba hii ninamokuandikia.

Sisemi umwachie akili zako. Kamisheni iandikwe: kiasi gani, analipa nani, na lini. Bei itajwe mkiwa watatu, wewe, yeye na mwenye nyumba, ili cha juu kikose mahali pa kujificha. Usimtajie mwisho wa uwezo wako. Usiende na madalali wawili kwenye nyumba moja; wa pili mwambie kwamba hiyo umekwisha oneshwa. Ukichelewa, mpigie, na siku ya kuzunguka mpe nauli bila kuombwa. Pesa ya nyumba isipite mkononi mwake hata shilingi. Iende benki kwa mwenye nyumba, mbele ya wakili. Nakala ya hati isikutoshe, ombeni upekuzi ofisi ya ardhi. Na majirani waulize mwenyewe.

Basi nenda kwake kabla ya Ijumaa. Mwambie nyumba bado unaitaka, mpatane asilimia ambayo hata kesho mkikutana mtasalimiana. Akitaka 10, mwombe ashuke. Watu wanashuka wakiombwa kwa adabu. Halafu muulize swali ambalo binamu yangu hakuuliza: nani mwingine ana haki katika nyumba hii?

Likimalizika kwa salama, hati iandikwe majina mawili, lako na la mkeo. Hilo nalisema kama mwanamke niliyewahi kusahauliwa, na ninataka unijibu kwa maandishi.

Shangazi yako akupendaye