Redio ya Taifa ni ya Nani?

Likizo iliyopita tulisali na jumuiya ndogondogo moja huku kwetu Sengerema, karibu na ziwa. Baada ya sala tuliwakumbusha waamini kuichangia Radio Maria, inayoishi kwa sadaka za wasikilizaji. Mama mmoja, muuza dagaa, akatuuliza: "Mafrateri, hii tunaichangia kwa hiari. Ile ya taifa tunailipia kila tukinunua sabuni, wala hatuulizwi. Je, ni ya serikali au ni yetu?"

Tukajibu upesi: ni ya serikali.

Mzee mwenye nyumba akatikisa kichwa. Akatukumbusha Mei 1996, MV Bukoba ilipozama. Walikaa wameizunguka redio moja, wakisubiri habari za ndugu zao. "Betri tulichanga wote," alisema.

Tumerudi seminarini na maneno hayo. TBC, iliyorithi Radio Tanzania, hutegemea ruzuku ya serikali pamoja na matangazo ya biashara. Wapo wanaosema ijitegemee, fedha ziende kwenye dawa na madawati. Si hoja ya kubeza. Marekani, Julai 2025, Bunge lilifuta takribani dola bilioni 1.1 za utangazaji wa umma, na vituo vidogo vya vijijini ndivyo vilivyotikisika zaidi. Mfanyabiashara hufuata wateja. Kijiji cha wavuvi kina wateja wangapi?

Lakini mkono mtupu haulambwi. Anayetoa ruzuku hushawishika kudai sifa, na anayepokea huogopa kuuliza. Hapo redio ya wote hugeuka kuwa ya wachache, ingawa wote bado wanailipia.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba sheria hulenga manufaa ya wote. Kodi nayo hukusanywa kwa sheria. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Inter Mirifica ya mwaka 1963, unatambua haki ya watu kupata habari zinazowahusu. Kwa hiyo tunaona ruzuku ibaki, ila sauti ya muuza dagaa isikike kama ya waziri, hata anapolalamika.

Jibu letu la siku ile lilikuwa jepesi, tena lilitupunguzia wajibu: kitu cha serikali hatukidai, hatukilindi. Likizo ijayo tutarudi kwa yule mama kumwambia: ni yetu, betri tumechanga wote.