Sura Juu ya Mfuko wa Saruji

Ndugu msomaji, kama hujawahi kukaa mbele ya mtoto mwenye kipande cha mkaa mkononi, akikukazia macho kama fundi cherehani anayekupima suruali, basi bado hujajua aibu. Mimi nilikaa hivyo Desemba moja, Mbamba Bay, chini ya mwembe, jasho likinitoka. Na halikuwa jasho la joto peke yake.

Nilikuwa nimeteremka kutoka Mbinga mjini, zaidi ya kilomita 60 za kona na miteremko, kutafuta upepo wa ziwa wa kunimalizia riwaya yangu. Riwaya haikwisha mpaka leo. Mshikaji wangu niliyemaliza naye kidato cha nne alikuwa akijitolea kufundisha huko. Likizo ilipofika akaniambia, "Wewe si unajua kuchora? Nishikie hawa watoto asubuhi." Walikuwa kumi na wanne, wa darasa la sita na la saba.

Siku ya kwanza niliwapa karatasi nyeupe nikawaambia kila mtu ajichore mwenyewe. Nilipokusanya, kumbe wote wamechora mtu mmoja! Kichwa kama yai, macho juu kwenye paji la uso, mdomo mdogo kama kopa la karata, nywele ndefu zinamwagika mabegani. Binti mmoja aliyenyolewa kipara kama wenzake naye alikuwa na nywele hizo. Nikamwuliza, "Hizi umezitoa wapi?" Akanijibu kwa upole, kama anayemfundisha mjinga, "Ndivyo mtu anavyochorwa, mwalimu."

Jibu hilo lilininyima usingizi.

Kesho yake tulileta vipande vya kioo. Nikawaambia macho ya binadamu yako katikati ya kichwa, nusu ya njia toka utosini mpaka kidevuni. Wakacheka: uongo! Nikawapa vijiti, wakapimana wawili wawili, na kelele zikageuka kuwa kimya. Paji la uso halikuwa dogo kama walivyodhani. Kumbe siku zote walikuwa wakijikata nusu ya kichwa.

Tatizo kubwa likaja kwenye rangi. Wengine waliacha uso mweupe kama karatasi yenyewe. Wengine walisugua penseli mpaka macho yakapotea gizani. Aliyetuokoa ni fundi mwashi aliyekuwa akijenga jirani. Mfuko wa saruji ukiufumua, karatasi za ndani ni safi, za kaki, na kaki ile, bwana, tayari ni ngozi. Hapo humpaki mtu rangi. Unachukua mkaa kwa ajili ya kivuli, na chaki nyeupe kwa pale mwanga ulipomgusa: kwenye paji, juu ya shavu, ncha ya pua, mdomo wa chini. Binti wa kipara alipoweka chaki kidogo utosini, kichwa chake kikatoka kwenye karatasi kama mbuyu wa maji. Alikitazama kwa muda mrefu, kisha akakificha asikione mtu.

Wavulana walitaka chui na ndege, nami sikuwakataza. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alikuwa mtoto wa Tunduru, mkoa wetu huu huu wa Ruvuma, na wanyama wake aliwachora kwa rangi ya kupakia baiskeli.

Mmoja wao, mzaliwa wa Liuli, alichora mwamba wa kwao ulioko ziwani. Nikajifanya msomi. Nikawaeleza kwamba Wajerumani waliona katika miamba ya pale sura ya Sphinx, lile sanamu la Misri, wakaiita bandari Sphinxhafen. Ndivyo ilivyoandikwa hata Agosti 1914, meli ya Waingereza, Guendolen, ilipoishambulia pale meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann. Mtoto akanisikiliza mpaka mwisho. "Babu anasema ni jiwe tu," akasema.

Ndiye huyo aliyeomba kunichora. Alimaliza, akaegemeza kichwa upande, akauliza, "Ticha, kwani kwenu Liuli? Umefanana na mama mmoja anayeanika dagaa kule kwetu."

Nikasema hapana. Mimi ni Mmatengo, kwetu ni kahawa na ngoro.

Hilo ni kweli kwa upande wa baba. Mama yangu alikuwa Mnyasa, wa ufuko huo huo. Sikuwahi kulisema shuleni. Tukiwa kidato cha kwanza aliletwa mvulana kutoka ziwani, sanduku lake lina kifuko cha dagaa, na bweni zima likaziba pua. Nami niliziba. Sio siri, nilicheka kuliko wote, na wakati ule mfuko wangu wa dagaa, aliokaanga mama, ulikuwa chini ya godoro. Nilikuwa nakula usiku, taa zikizimwa.

Mama alifariki nikiwa kidato cha tatu. Picha yake niliyobaki nayo ni moja, ya kwenye kadi ya kupigia kura, ndogo kama ukucha wa dole gumba. Uso umetoka mweusi tupu, kama zile za watoto waliosugua penseli. Kwa miaka nimeitazama nikitafuta macho.

Jioni ile nilifungua karatasi ya yule mtoto peke yangu. Shavu pana, lenye chaki. Mdomo wa chini uliojaa, unaoanza kucheka kabla ya wa juu. Sikuwa mimi, au nilikuwa mimi kidogo tu. Nilikaa nayo mpaka wavuvi wakawasha taa zao ziwani.

Asubuhi nilimtafuta nimwambie ukweli. Wakaniambia amepanda boti alfajiri, amekwenda kwao kwa ajili ya Krismasi.

Karatasi ninayo hapa Mbinga. Mkaa haushiki vizuri kwenye kaki. Kila nikiifunua, kidogo hubaki vidoleni. Jicho la kushoto karibu limekwisha. Mkaa ninao, na kipande cha kioo ninacho.

Mshikaji wangu ameniandikia kwamba yule mtoto amerudi shule, na anauliza yule ticha Mmatengo atakuja lini.