Karatasi ya Nyuma ya Triko

Wenzangu wa mwaka wa pili wanazikumbuka zile triko. Zilikuwa 18, nyeupe, na kifuani upande wa kushoto nilikuwa nimedarizi jina la idara yetu kwa uzi wa bluu. Siku ya kuzigawa zilipendeza, hata tukapiga picha ngazini. Wiki mbili baadaye, zilipokwisha kufuliwa mara ya kwanza, maandishi yalikuwa yamejikunja kama ngozi ya kidole kilichokaa sana majini, na herufi W ya neno Kiswahili ilikuwa imefumba mikono yake. Mmoja wetu aliniuliza mbele ya darasa zima kama hiyo ndiyo lahaja mpya. Nilicheka pamoja nao. Kila mmoja alikuwa amenipa dola 7.

Nadarizi kwa mama mdogo wangu, Kadutu, tangu nilipokuwa sekondari. Mashini yetu ina sindano moja. Umeme ukiwapo hupiga mishono hadi 650 kwa dakika, na umeme ukikatika katikati ya herufi, tunakaa kuiangalia kama mgonjwa. Sehemu ya minerval yangu hutoka hapo. Kwa hiyo sikuweza kusema kwamba kazi ile ilifanywa na mtu asiyejua. Nilikuwa najua kuandaa michoro, kubadilisha nyuzi, kulegeza na kukaza. Kilichonishinda ni kitu ambacho hakuna anayekiona nguo ikivaliwa.

Mama mdogo hakugomba. Aliigeuza triko ndani nje, akapitisha kidole nyuma ya maandishi, kisha akaishika kwa mikono miwili na kuivuta.

“Iyi nguo inavutika, mama. Uliivuta mbele ya kuiweka kwenye mashini?”

“Hapana, mama mdogo.”

“Na ukaipa karatasi ya kupasula.”

Ndivyo ilivyokuwa. Nyuma ya kila kitambaa kinachodariziwa na mashini huwekwa kitu cha kukishika, sisi tunakiita viselini. Sindano inapopiga herufi moja nene inatoboa mahali pale pale mara mia na zaidi, na kila mshono unavuta kitambaa kuelekea upande wake. Kitenge kina nyuzi zilizofumwa za kwenda na za kukatiza, kinaweza kubishana na uzi. Triko haifumwi hivyo. Ni vitanzi vilivyoshikana, na kitanzi kikivutwa kinafuata. Viselini ya kuchanwa ni nyepesi kama karatasi na inafaa sana kwa kitenge au shati la pamba: ukimaliza, unaichana pembeni na kazi inabaki safi. Lakini sindano imekwisha kuitoboa kama ukingo wa stempu. Chini ya triko inashika siku ile moja tu. Ikifuliwa inalegea, na vitanzi vinabaki peke yao na uzi wa polyester usiojua kunyooka wala kusinyaa.

Nilikuwa nimeongeza na kosa la pili. Ili triko isilegee nilikuwa nimeivuta kwa nguvu ndani ya duara la plastiki, ikalia kama ngoma. Nikadarizi juu ya nguo iliyonyooshwa. Nilipoifungua, nguo ikarudi ukubwa wake na maandishi hayakurudi. Triko hulazwa tu juu ya viselini, na viselini ndiyo inayokazwa.

Mama mdogo ana majina matatu. Ya kupasula. Ya kubaki. Ya maji. Ile ya kubaki ndiyo niliyoikosa: laini, haichaniki kwa mkono, unaikata kwa mkasi karibu nusu sentimita kutoka kwenye uzi na inakaa ndani ya nguo maisha yake yote. Ni ghali zaidi, na hapo ndipo nilipojidanganya, maana hesabu ya triko 18 iliniachia faida nzuri zaidi na ile ya kuchanwa. Ya maji ni kama nailoni nyembamba. Inawekwa juu ya taulo au mahameli ili mishono isizame kati ya manyoya, kisha inayeyushwa. Msimu wa mvua tunaifungia ndani ya mfuko, la sivyo hewa yenyewe ya ziwani inaanza kuilegeza. Kuhusu gazeti, ambalo wengi hulitumia: wino wake huchafua nguo nyeupe, na karatasi hutia sindano butu. Afadhali kipande cha shuka kuukuu kilichofuliwa mara nyingi. Hakitasinyaa tena.

Nilijaribu kufumua triko ya kwanza. Nyuzi za bluu zilitoka na kuacha matundu, na matundu yakaanza kukimbia kama soksi iliyonasa msumari. Tukaiacha. Dawa ilitoka kwa mama mdogo: tulidarizi jina upya juu ya vipande vya kitenge vilivyofuliwa kwanza, viselini ya kubaki tabaka mbili, tukavizungushia ukingo mnene na kuvishona juu ya makunyanzi. Triko 15 ziliokoka. Nyingine 3, pamoja na ile niliyoifumua, nilizinunua upya. Vitambaa, nyuzi, viselini na triko vilikula dola 46, zote kutoka kwenye awamu ya pili ya minerval. Ndiyo sababu wengine walinikosa kwenye orodha ya mitihani na kuniona sesheni ya pili. Nilisema nilikuwa naumwa. Sikuumwa.

Mwezi ule ndipo nilipobadilisha somo la kazi yangu ya mwisho: nakusanya maneno ya mafundi. Kamusi inanipa kudarizi, neno lenye jamaa katika Kiajemi, ambako darzi ni fundi wa nguo; Kadutu wanasema kubroda. Viselini nayo ina safari yake: Vlieseline ni jina la biashara la Kijerumani, likapita kwenye Kifaransa cha washonaji, likafika kwetu bila mizigo. Kilichonivutia zaidi ni yale majina matatu. Mama mdogo hataji kitu kimetengenezwa na nini wala kinawekwaje. Anataja namna kinavyoondoka, au kwamba hakiondoki. Fundi anaposhika kitambaa, hilo ndilo swali lake la kwanza: baada ya kazi, nguo hii itaweza kusimama yenyewe?

Mwalimu wangu alisoma rasimu na kupiga mstari mwekundu chini ya viselini kila ilipotokea. Pembeni aliandika: “Kiimarishi?” Alama ya kuuliza ni yake, na namshukuru kwa hiyo. Tulibishana kwa heshima karibu saa nzima. Yeye anataka neno litakaloeleweka Zanzibar. Mimi nataka litakaloeleweka kwenye duka la vifungo, hatua 30 kutoka kwenye mashini yetu.

Jioni nilimsomea mama mdogo neno lile. Alilirudia polepole, mara mbili, huku akipitisha uzi kwenye sindano.

“Na wanaliuza bei gani kwa mita?”