Saa Tatu, Dirishani

Jumamosi, 9 Mei 2020

Tangu Jumatano, kwa sababu ya korona, haingii mtu Mji wa Kale wa Mombasa wala hatoki. Askari wamesimama kwenye kila njia inayotokea barabara kuu. Kafyu ya saa moja jioni tulishaizoea. Hili la mchana kutwa ndilo linalobana kifua. Shule ilitupa likizo bila malipo, na mwenye duka anaandika tu kwenye daftari lake la madeni.

Usiku moyo unanienda mbio. Baada ya daku na sala ya alfajiri nilikuwa narudi kitandani kugaagaa mpaka jua liwe kali. Sasa napanda juu sakafuni, tunakoanika nguo, nakaa mpaka jua litokeze upande wa bahari. Mwili hujua saa kwa mwanga. Macho yakiuona mapema, usingizi nao hauchelewi usiku. Nikizinduka usiku wa manane sing'ang'anii kitanda. Naketi kitini na taa ndogo, naandika hapa kinachonisumbua, na kando yake naandika nani wa kumpigia simu kesho kwa jambo hilo: mwenye nyumba, mwenye duka, mwalimu mwenzangu. Lisilo na mtu wa kupigiwa naliombea dua, nafunga daftari, nalala.

Alhamisi, 14 Mei

Kila alasiri Waziri wa Afya, Kagwe, au mmoja wa wasaidizi wake anasoma hesabu: waliopimwa, walioambukizwa, waliokufa, na kaunti zao. Halafu hesabu ileile inarudi kwenye taarifa ya jioni, kisha kwenye simu, safari hii na sauti ya mtu asiyejulikana anayeapa kwamba mvuke wa mwarobaini unaponya. Nimeamua kusikiliza mara moja tu, alasiri, kisha basi. Kundi la ukoo nimelinyamazisha, ila shangazi nampigia mwenyewe.

Mama amekataa kuzima redio. Anasema nyumba isiyo na sauti inamtisha zaidi ya korona. Nimemwelewa. Tumekubaliana iwe stesheni ya mawaidha na kaswida, na taarifa ikianza anapunguza sauti. Kinachomtuliza mtu mmoja humvuruga mwingine, hata chini ya paa moja.

Jumatatu, 18 Mei

Kichochoro chetu ni chembamba: jirani wa mkabala akinyoosha mkono dirishani na mimi nikanyoosha wangu, sahani ya futari inapita. Leo alfajiri aliniita.

"Mwalimu, sabalkheri. Hawa watoto watanitoa roho. Shule imefungwa tangu Machi, hata kusoma wanasahau."

"Walete dirishani saa tatu, Bi. Kila mmoja na daftari lake."

Wamekuja watatu. Nimewatolea imla ya sentensi kumi, wakaandika wakiwa wamebanana kwenye kizingiti, na mdogo akasoma za kwake kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza viungo huko chini. Nilipomaliza nikajikuta nina njaa ya kweli, ya mtu aliyefanya kazi.

Mazoezi ya kunyoosha viungo niliyojipangia peke yangu yalikufa kabla ya wiki kwisha. Somo hili naona halitakufa, maana lina watu wanaoningoja. Asubuhi nisiyotaka kuamka nitaitwa kwa jina, na itabidi niwe nimeoga, nimefunga kilemba, nina la kusema.

Jumapili, 24 Mei

Idd bila sala ya uwanjani. Tumesalia sebuleni, Mama akalia kidogo, kisha akapika pilau ya kilo moja badala ya tano.

Ndugu yangu hakutoka chumbani. Alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli ya pwani ya kaskazini. Watalii walipokatika, wote wakarudishwa nyumbani. Mwezi mzima amelala mchana na kukesha na simu usiku. Kanzu niliyompigia pasi iko palepale kwenye msumari. Mama anasema ni uvivu. Mimi sioni uvivu. Huyu ni kijana aliyekuwa akiamka saa kumi kuwahi matatu ya kuvuka daraja la Nyali.

Jumanne, 23 Juni

Askari wameondoka tangu mwanzoni mwa mwezi, kafyu imesogezwa mpaka saa tatu usiku, watu wamerudi barazani. Ndugu yangu hajatoka.

Juzi usiku nilimpelekea uji akasema, bila kunitazama, "Dada, bora nisingeamka." Niliketi chini kando ya kitanda nikamwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi wanaogopa kulitamka neno hilo wasije wakampandikizia mtu wazo. Halipandikizwi hivyo, anayeulizwa hupata mlango wa kusema. Alisema ndiyo. Nikamshukuru kwa kuniambia. Nikazichukua dawa za sukari za Mama nikazifungia kabatini, nikalaza godoro langu chumbani kwake, na alfajiri nikampigia binamu yetu muuguzi. Jana tulikwenda hospitali.

Daktari amesema ni sonona. Amempa dawa, akamwonya kwamba zinahitaji wiki kadhaa kabla hajaona nafuu, asikate tamaa katikati. Akampa na kazi: jambo moja dogo kila siku, kwa saa ileile, ajisikie asijisikie. Hamu hufuata baada ya kutenda, akasema. Anayeingojea ije kwanza atangoja sana.

Tumechagua chai ya Mama ya saa kumi. Ni kazi anayoijua, na Mama hakubali chai ichelewe.

Mama aliomba kisomo kwanza, na mimi sikupinga. Mwalimu wa madrasa alimsomea, akamwombea, kisha akamwambia Mama mbele yetu sote kwamba dawa ya hospitali isiachwe. Namwombea kheri mtu huyu.

Kinachonikera ni sheria. Mwaka huu wa 2020 kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Ni familia ngapi zinanyamaza kwa kuogopa polisi, wakati mgonjwa anahitaji kitanda na mtu wa kuongea naye?

Jumatano, 8 Julai

Jana Waziri wa Elimu, Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umefutwa, shule zitafunguliwa Januari. Nililia jikoni, bomba likiwa wazi. Miezi mingine bila mshahara. Nikaandika majina ya kupigia simu, nikampigia mwenye nyumba kabla hajanipigia yeye. Sauti yake ilikuwa laini kuliko nilivyotarajia.

Saa tatu leo walikuwa watano dirishani. Nimewapa insha.

Nimesikia pia kwamba jopo la afya ya akili chini ya Dkt. Frank Njenga linataka ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la kitaifa. Natamani pendekezo hilo lisilale kabatini. Nchi isiyo na mshahara wala sala ya jamaa wala mazishi yenye watu inaumwa kichwani, na imla ya dirishani haiwezi kuwafikia wote.

Jumapili, 2 Agosti

Idd kubwa imepita. Safari hii alivaa kanzu. Analala usiku, anakula, na asubuhi anamsaidia muuza samaki kubeba ndoo. Chai ya saa kumi haijakosekana, na siku hizi anaweka na iliki bila kuambiwa.

Leo amesema anataka kuacha dawa kwa sababu amepona. Nimemwambia nafuu hii huenda ni kazi ya dawa zenyewe, na daktari alikataza kuziacha ghafla. Akanuna. "Wewe dada hunywi kitu, ujuaje zinavyokausha kinywa?" Ni kweli, sijui. Nimemwomba aandike yote yanayomsumbua, kinywa na mengine, ili amwulize mwenyewe daktari kama dozi inaweza kubadilishwa. Kliniki ni kesho saa mbili. Nimewaambia watoto wa dirishani kwamba somo litakuwa alasiri, na jirani amekubali kukaa na Mama mpaka turudi.