Pampu ndani ya kiroba: siku yangu ya kwanza Ruti

Moshi ndio ulionipeleka Ruti. Kinu cha mama mdogo kiko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, upande wa Base Camp, na kwa wiki mbili injini yake ilikuwa ikitoa moshi mweusi kama tairi linaloungua. Akina mama waliokuja kusaga walisimama mbali na mabeseni yao, wakiziba pua kwa vitenge. Injini yenyewe ni ya Kichina, S195, silinda moja iliyolala, ile ambayo maji yake huchemka juu kama sufuria. Ilipopungua nguvu nilifanya kile ambacho kila mpita njia alinishauri: nikafungulia skrubu ya mafuta. Siku ya kwanza ilivuma vizuri. Siku ya tatu ilikuwa inakula mazuti kuliko zamani, inasaga kidogo kuliko zamani, na maji yanachemka kabla debe la pili halijaisha.

Mama mdogo akaniambia, "Baba, fungua hiyo pampu uende nayo Ruti. Huko ndiko wanakozijua. Na usisahau kitambulisho."

Tangu tulipofika kutoka Fizi, Kongo, sikuwa nimetoka nje ya makazi peke yangu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kwenda tutakako, lakini ruhusa ni kitu kimoja na nauli ni kingine. Pampu na nozeli nilizifunga kwa kitambaa safi, kisha plastiki, kisha nikazitia kwenye kiroba na kukipakata njia nzima kama mtoto. Kondakta alitaka nikiweke juu na mizigo mingine, nikakataa. Plunja ya pampu inakaa ndani ya kasha lake kwa kubanana kiasi kwamba unywele haupiti, na punje moja ya mchanga inatosha kuiharibu.

Njia ilianza kwa vumbi na ng'ombe wa pembe ndefu, kisha ikaingia kwenye migomba ya Isingiro. Sikuwa nimewahi kuona migomba mingi namna ile: kilima baada ya kilima, na mikungu ya matoke imepangwa kando ya lami ikingoja malori. Mbarara mjini sikukaa. Nilipanda boda moja kwa moja.

Ruti iko ukingoni mwa mji, kwenye barabara ya Ntungamo na Kabale. Malori yanayotoka Mombasa na Kampala hupita pale kwenda Kigali na kwetu Kongo, kwa hiyo nilishuka nikasikia Kiswahili kabla sijasikia Kinyankole. Hilo lilinitia moyo. Tofauti ilikuwa ndogo tu: mimi nikisema mazuti, wao wanasema dizeli.

Fundi niliyeelekezwa alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakukimbilia kiroba changu. Aliuliza kwanza: "Kijana, moshi wa rangi gani? Ulianza lini? Na kabla haujaanza, uligusa nini?"

Swali la tatu lilinikamata. Nilimweleza kwamba mvua zilipoanza, oili ilikuwa inavuja chini ya pampu, nikaifungua, nikakata kipande cha katoni nikakiweka kama gasketi. Uvujaji ukakoma. Mzee alitikisa kichwa polepole, akachukua nozeli bila kusema neno.

Aliifunga kwenye pampu ya mkono yenye saa ya kipimo. "Weka mikono nyuma," akasema. Injini ya aina hii hufungua nozeli kwenye mgandamizo wa kilo 125 hivi kwa sentimita mraba. Tairi la gari dogo ni kilo mbili tu na kitu. Mafuta yanayotoka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi, na kidonda chake, hata kikiwa kidogo kama tundu la sindano, ni cha kukimbizwa hospitali siku ileile. Nozeli nzima hutoa ukungu na kukata ghafla. Yangu ilitoa mrija mmoja uliopinda, kisha ikadondosha tone, na tone jingine. Akaniwekea mpya.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe ndipo somo lilipoanza. Alinipeleka kwenye injini kama yetu iliyokuwa uani, akalegeza bomba la mafuta juu ya pampu, akanipa flaiwili mkononi. "Zungusha taratibu. Usitazame flaiwili. Tazama tundu." Ndani ya tundu dizeli ilikuwa imetulia, inang'aa kama jicho. Nikazungusha, pistoni ikapanda kubana hewa. Ghafla lile jicho likavimba kidogo, kidogo sana. "Simama!" Ndipo akanionyesha flaiwili: alama yake ilikuwa imelingana na alama ya kwenye tangi la maji. Hapo ndipo pampu inapoanza kusukuma, nyuzi 16 hadi 20 kabla pistoni haijafika juu. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, nyuzi 20 ni sehemu moja ya 600 ya sekunde.

Chini ya pampu huwa kuna shimu, vipande vyembamba sana. Ukipunguza, mafuta yanawahi, ukiongeza, yanachelewa. Katoni yangu ilikuwa imeinua pampu, kamu ikawa inaifikia kwa kuchelewa, na mafuta yakawa yanawaka pistoni ikiwa tayari inashuka. Nguvu inapotea, joto linapanda, moshi unatoka. Nami juu ya kosa hilo nikaongeza mafuta! "Na hapa tuko juu," mzee akaongeza, "hewa ni nyepesi kuliko Mombasa." Mbarara iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mafuta yasiyo na hewa ya kuyachoma hugeuka masizi, basi.

Nilirudi jioni na shimu mpya mfukoni. Asubuhi nilitoa katoni, nikafunga pampu, nikatazama tundu mpaka jicho likavimba. Mara ya kwanza mafuta yaliwahi mno. Nikaongeza shimu moja, alama zikalingana. Nikarudisha skrubu pale ilipokuwa, jambo lililowezekana kwa sababu rangi ya zamani ilikuwa imeacha mstari kwenye nyuzi zake. Nikatoa hewa kwenye bomba, nikapiga hendeli.

Moshi ulitoka mweusi mara tatu nne, ukawa kijivu, kisha sikuuona tena. Mama mdogo alisaga mpaka saa kumi bila kuongeza maji zaidi ya mara mbili. Wewe mwenye kinu, kabla hujashika ile skrubu, legeza bomba kwanza utazame tundu. Spana moja na dakika kumi zinatosha.