Jinsi nilivyogeuza bunduki ya mbao ya babu kuwa silaha ya Jawa

Wasomaji wangu, niwieni radhi kwa kimya. Mara ya mwisho niliahidi kuendelea na habari za hifadhidata, na nitaendelea, ila wiki tatu zilizopita sikuandika msimbo wowote wa maana nje ya kazi isipokuwa mistari kama arobaini hivi, na mistari hiyo yote ilikuwa ya kuwasha taa nne. Leo nawasimulia habari za taa hizo.

Chanzo ni mpwa wangu. Ana miaka tisa, ndiye mfupi kuliko wote darasani, na jambo hilo linamuudhi sana. Rafiki yake alikuwa na sherehe ya kuzaliwa na kila mtoto alitakiwa aje amevaa kama mtu wa kwenye filamu. Nikamwambia, wewe ufupi wako ni mtaji, utakuwa Jawa. Kwa wasiojua, Jawa ni vile viumbe vifupi vya jangwani katika Star Wars ya mwaka 1977, vyenye kanzu ya kahawia, kofia inayofunika uso na macho ya manjano yanayowaka ndani ya giza. Kazi yao ni kuokota roboti mbovu, kuzitengeneza na kuziuza. Kwangu mimi hao ndio watu wa jua kali wa filamu ile! Hata lugha yao ina asili ya huku kwetu, kwani Ben Burtt, fundi wa sauti, aliiunda kutokana na Kizulu alichokiharakisha. (Na kama hukuwa unajua, katika Return of the Jedi ya 1983 yule rubani mwenye mashavu makubwa anayekaa kando ya Lando anaongea Kikuyu, sauti ya Mkenya Kipsang Rotich. Nina rafiki wa Murang'a ambaye mpaka leo hawezi kuitazama sehemu hiyo bila kuvunjika mbavu.)

Kanzu haikuwa na shida. Dada yangu alipata blanketi la kahawia Gikomba akaimaliza kwa jioni moja. Ikabaki silaha.

Nilipoanza kutafiti nikagundua kwamba silaha nyingi za filamu ile hazikubuniwa kutoka hewani. Walikodi bunduki za kweli kutoka kampuni ya Bapty ya London, wakazibandika vikorokoro. Bastola ya Han Solo ni Mauser C96, muundo wa mwaka 1896, iliyowekewa darubini juu. Wale askari weupe wanabeba Sterling ya Kiingereza. Na silaha ya Jawa? Ni Lee-Enfield, bunduki ya .303, iliyokatwa ikawa fupi na kuvishwa kile kikombe cha chuma kilichotumika zamani kurushia guruneti.

Hapo nikakaa wima kwenye kiti. Lee-Enfield tunayo nyumbani. Ya mbao.

Babu yangu alikuwa Keya. Alikuwa katika ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyowafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, katikati ya masika, hadi mto Chindwin. Bunduki aliyobeba ilikuwa ya serikali na alipoachishwa jeshi mwaka 1946 aliirudisha serikalini. Kwao ni Wamunyu, Machakos, na Wamunyu kila mtu anajua ni nyumbani kwa wachongaji. Kwa hiyo alipofika akachonga nyingine, kwa kukumbuka tu, saizi ile ile ya mita moja na zaidi. Kitako na sehemu ya kati ni muhugu, mti mgumu kama mfupa. Hakupata kipande cha muhugu kirefu kilichonyooka, kwa hiyo sehemu ya mbele akaunga kwa mti mwingine mwepesi. Pembeni mwa kitako akachonga namba yake ya jeshi. Sisi wajukuu tulikuwa tukichezea bunduki hiyo uani na yeye akituamuru kwa sauti ya gwaride, kwa Kiswahili cha Keya, kushoto, kulia, geuka nyuma. Alifariki mwaka 2009.

Nilipanda gari nikaenda Wamunyu kumwomba susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba. Amepita miaka tisini na masikio yake bado ni mazima. Nilimweleza yote, filamu, jangwa, viumbe vifupi, mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza swali moja.

"Unataka kuikata?"

Nikasema ndiyo, susu, ile sehemu ya mbele. Akanyamaza. Halafu akaniambia niende niitoe ghalani niitazame vizuri.

Ile sehemu ya mbele, ambayo miaka yote nilidhani imechakaa tu kwa uzee, ilikuwa imeliwa na mchwa. Ukiibonyeza kwa kidole inaingia. Muhugu haukuguswa hata kidogo. Susu akaeleza: mwaka 1954 babu aliizika chini ya ghala. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na kufikia mwaka huo msako na hofu ya kiapo vilikuwa vimefika Ukambani. Kupatikana na bunduki kulikuwa ni kitanzi. Dedan Kimathi mwenyewe, kosa lililomnyongesha Februari 1957 lilikuwa kupatikana na bastola. Na wakati huo wapiganaji wa msituni walikuwa wakitengeneza bunduki kwa vipande vya bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa baiskeli, kwa hiyo hakuna askari ambaye angeona umbo lile gizani akajiambia, lazima hicho ni kinyago. Babu, ambaye alikuwa na medali za Mfalme kwenye kopo la kakao, alichimba shimo usiku akakizika kinyago chake mwenyewe. Hakukifukua mpaka Hali ya Hatari ilipokwisha, 1960.

Sikuwahi kuisikia habari hii. Nilikuwa nimeichezea bunduki hiyo utoto wangu wote.

"Mchwa wameshaikata," susu akasema, "wewe malizia. Lakini isifanane na bunduki. Mtoto wetu asishike kitu kinachofanana na bunduki."

Nikasema sawa. Nawaambia ukweli, nilisema sawa kama vile mtu anavyobofya "nakubali" bila kusoma masharti. Kazi nzima ya kitu cha filamu si kifanane? Nikaifunga ndani ya gunia, mbaazi juu yake, nikarudi Nairobi.

Sasa tuje kwenye ufundi, najua wengine mmeruka mpaka hapa. Nilikata kwa msumeno mahali hasa pale muhugu unapoungana na ule mti mwepesi. Kikombe cha guruneti nikakitengeneza kwa kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili. Kupitisha nyaya ndani ya muhugu kulinivunjia ncha mbili za drili, lakini ulipoanza kutoboka ukatoa harufu yake, na chumba changu cha Nairobi kikanukia kama kibanda cha babu. Nilizima drili nikakaa kidogo.

Ndani kuna chipu ya ATtiny85, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, yenye miguu minane. Ukiondoa miguu ya umeme na ule wa kuianzisha upya, inabaki mitano ya kutumia: minne nikaipa taa za LED, mmoja kitufe. Inatumia betri moja ya lithiamu ya volti 3.7 moja kwa moja, bila kidhibiti, kwa sababu chipu yenyewe inavumilia hadi volti 5.5. Kila taa ina kizuizi chake cha omu 47. Vyote vinapatikana Luthuli Avenue ukiwa na subira ya kupandishwa na kushushwa ngazi. Sauti sikuweka, miguu ilikuwa imekwisha, nikaamua mtoto atapiga sauti kwa mdomo.

Mdudu niliyekutana naye ni wa kale sana na bado alinipotezea jioni nzima. Unabonyeza kitufe mara moja, silaha inafyatua mara tatu. Nilikagua msimbo, nikabadilisha waya, nikamlaumu muuzaji. Kumbe ni kitufe kudunda! Vile vipande viwili vya chuma ndani ya kitufe vikigongana havitulii papo hapo, vinadunda kwa milisekunde chache kama mpira sakafuni, na chipu ina kasi ya kutosha kuhesabu kila mdundo. Dawa yake ni kuiambia isome kitufe, ingoje milisekunde 20, isome tena, na iamini tu kama majibu mawili yanafanana. Tulifundishwa haya mwaka wa pili chuoni. Nilikuwa nimeketi nyuma.

Nikapaka rangi kama ya filamu, chuma cheusi na mbao ya kahawia iliyochakaa. Ilitoka vizuri mno. Saa tatu usiku nikazima taa za nyumba nikatoka kwenye roshani kuona zile taa nne zinavyokimbia gizani. Nikaiegemeza begani. Nikalenga tangi la maji la jengo la ng'ambo.

Dakika tano baadaye mlango uligongwa. Sauti ya soja wetu wa getini ikasema, "Fungua polepole, na mikono nione." Nyuma yake walikuwa majirani wawili, mmoja ameshika chuma cha pazia. Mama mmoja wa ng'ambo alikuwa amewafungia watoto bafuni na kupiga simu. Nilieleza nikigugumia, nikaonyesha, nikawasha taa. Majirani walicheka, kicheko kile cha kushusha pumzi. Soja hakucheka. Ni mzee wa makamo, hunisalimia kila asubuhi. Aliishika, akaipima uzito, akaupapasa muhugu, akaigeuza akaona namba.

"Kazi nzuri," akasema. "Lakini mimi nimepanda ngazi kuja kukuuliza, kijana. Kama aliyekuona angekuwa na yake ya kweli?"

Akaniachia. Sikulala. Nilijua Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataja silaha bandia pamoja na za kweli, na nilikuwa nimejipa moyo kwamba inahusu wanaozitumia kwa uhalifu, si watu kama mimi. Lakini sheria inasomwa mahakamani, na mtu husomwa umbo lake kwanza, gizani, kwa sekunde mbili. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba niliyemtengenezea kitu hiki ana miaka tisa na angevaa kofia inayofunika uso. Na kwamba mama wa ng'ambo alikuwa amewafungia watoto bafuni kwa sababu yangu. Na kwamba susu alikuwa ameshaniambia.

Asubuhi nikachukua msasa. Nikaondoa kifyatulio chote, kitufe nikakihamishia ubavuni pale ambapo kidole gumba kinafika, mtu akishika anashika kama tochi. Kitako nikakipunguza ili kisiweze kuegemezwa begani, nikaishia sentimita mbili kabla ya namba ya babu. Kikombe nikakipaka rangi ya chungwa, mwili wote njano na kijani, michoro ya matatu ya zamani, na nikafunga zile taa nne nje, juu kabisa, zionekane hata mchana. Mbao yenye namba niliiacha wazi, sikuipaka kitu.

Mpwa wangu alipoiona mara ya kwanza alinuna. "Anko, hii si kama ya filamu." Nikamwambia huyu ni Jawa wa Nairobi, anaokota vitu Gikomba, hapati rangi anayotaka. Alifikiria hoja hiyo kwa muda mrefu. Kisha akabonyeza kitufe, taa zikakimbia, mdomo ukafanya sauti, na sikuipata tena mkononi mpaka saa ya kulala. Kwenye sherehe, dada anasema, watoto walipanga foleni kuibonyeza. Aliwaambia ile namba ni ya chombo cha angani cha babu wa babu. Nitamrekebisha, lakini si sasa.

Jumapili iliyopita nilimpelekea susu aione. Aliipakata mapajani na rangi zake zote kama kuku wa mapambo, akapitisha kidole kwenye namba, polepole, tarakimu moja moja. Hakusoma shule lakini namba hiyo anaijua. Akabonyeza kitufe mara moja, taa zikakimbia mara moja, sawasawa.

"Na kile kipande ulichokata?" akauliza.

Nikamwambia kipo Nairobi, kwenye droo, pamoja na nyaya zangu.

"Kilete Desemba," akasema. "Na usikifunge na plastiki, kitaoza."