Ukiingia Libya, Fuata Maji

Tanga, Novemba 2025

Mpendwa mpwa wangu Rukia,

Mama yako ameniambia kwamba mwenzako wa chuoni hapo Tunis amekualika kwao Tripoli wakati wa likizo, na kwamba mnapanga kutembelea magofu. Yeye ana hofu. Mimi nina furaha na hofu kwa pamoja. Nilipita nchi ile kabla ya vita vya 2011, nikiwa bado kazini kwenye mambo ya maji, na tangu hapo sijaacha kuifuatilia. Nimeona bora nikuandikie kwa kirefu kuliko kukupigia simu, maana simu hukatika na maneno husahaulika.

Libya huielewi mpaka ufuate maji. Zaidi ya asilimia 90 ya nchi ni jangwa, wala hakuna mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Kila mji uliosimama pale, wa kale na wa leo, ulisimama kwa sababu palikuwa na watu waliojua maji yalipo na namna ya kuyafikisha. Basi kila gofu utakaloingia, uliza kwanza: hawa walikunywa nini?

Mkitoka Tunis kwa gari mtavukia mpaka wa Ras Ajdir, kisha kabla ya kufika Tripoli mtaikuta Sabratha, ufukweni kabisa. Ukumbi wake wa maigizo, wenye safu tatu za nguzo nyuma ya jukwaa, ulijengwa upya na Waitaliano miaka ya 1930, na unapendeza kwelikweli. Una pia alama za risasi, kwa sababu mwaka 2017 makundi yenye silaha yalipigana katika mji huo. Tembea, tazama, kisha endelea na safari. Muda wako utunze kwa ajili ya Leptis Magna.

Leptis iko pembeni mwa mji wa Khoms, kama kilomita 120 mashariki ya Tripoli. Watu husema ni mji wa Warumi, na vitabu vingi vinaishia hapo. Naomba usikubali upesi. Wafoinike ndio walioanzisha kituo cha biashara pale, wakachanganyika na wenyeji wa Kilibya, na mji ukatajirika kwa mafuta ya zeituni karne nyingi kabla ya marumaru zote utakazoziona. Julius Caesar alipoutoza mji huo faini kwa kuwaunga mkono maadui zake, alidai ratili milioni 3 za mafuta kila mwaka. Fikiria ni mashamba mangapi, ni mikono mingapi ya wakulima wa Kiafrika, hata mshindi wa vita akajua kwamba deni kama hilo linalipika.

Nenda sokoni kwao. Soko lilijengwa mwaka 8 K.K. na tajiri mmoja wa mji, Annobal Tapapius Rufus, na jina lake la kwanza ni lile lile la Hannibal wa Carthage. Ndani ya ua kuna vibanda viwili vya mawe vya mviringo, na meza ambazo wauzaji walipangia bidhaa. Hapo liangalie jiwe la vipimo. Limechongwa urefu wa aina tatu, sambamba: dhiraa ya Kipuniki (ya hao Wafoinike), futi ya Kirumi, na dhiraa iliyotumika Misri. Mfanyabiashara wa kitambaa hakuweza kumpunja mnunuzi, awe ametoka Alexandria au Roma au shamba la jirani, kwa sababu jiwe lilikuwa pale na kila mtu aliliona. Nilisimama mbele ya jiwe hilo muda mrefu kuliko mbele ya tao lolote. Huyo huyo Annobal alijenga na ukumbi wa maigizo, mwaka wa 1 au 2 B.K., akaandikisha jina lake juu ya mlango kwa Kilatini na kwa Kipuniki. Panda hadi viti vya juu kabisa, utaiona bahari nyuma ya nguzo.

Sasa maji. Mwaka wa 119 hadi 120 B.K. raia mmoja, Quintus Servilius Candidus, aliyaleta maji mjini kwa gharama yake mwenyewe, kwa mfereji uliojengwa kutoka korongo la Caam upande wa mashariki. Miaka michache tu baadaye, enzi za Kaisari Hadrian, zikafunguliwa hamamu kubwa zenye vyumba vya baridi, vya vuguvugu na vya moto. Mtalii hupiga picha hamamu. Wewe mwulize anayewatembeza akuonyeshe mabirika na mabaki ya mifereji, kwa sababu bila hayo hamamu ni kuta tupu.

Septimius Severus alizaliwa katika mji huu mwaka 145 B.K., akawa Kaisari wa Roma mwaka 193, na akafa mwaka 211 mbali sana na kwao, katika mji ambao leo unaitwa York, Uingereza. Aliupendelea mji wake kwa uwanja mpya wa umma, barabara ya nguzo na bandari iliyopanuliwa. Bandari hiyo ndiyo itakayokufundisha jambo. Ilikaa mdomoni mwa korongo la Lebda, ambalo hukauka sehemu kubwa ya mwaka na kufurika mvua ikinyesha. Walijenga bwawa la kuyageuza mafuriko yasiingie mjini. Mji ulipokosa nguvu za kulitunza, mchanga na tope vikaijaza bandari, meli zikapotea. Utaona gati zenye mawe ya kufungia meli, na mbele yake ni majani na nchi kavu. Mimi niliyeshinda na mabwawa maisha yangu yote ya kazi, nilihuzunika pale. Kazi ya maji haina siku ya kumalizika, na wanasiasa wa zama zote hawapendi kulisikia neno hilo.

Mchanga uliozika bandari ndio pia uliouhifadhi mji mpaka Waitaliano walipoanza kuufukua baada ya 1920. Lakini kabla yao wageni walikwishachukua vyao: mwaka 1816 konseli wa Uingereza pale Tripoli alipata ruhusa ya Pasha, mtawala wa huko, kuzichukua nguzo za Leptis, na leo zimesimama karibu na Windsor, pambo la bustani ya wafalme. Ukifika Leptis, uzihesabu zilizobaki kwa heshima, maana hazina pengine pa kuwa ila pale.

Baada ya Leptis, kama familia ya mwenzako ina njia salama na ndugu wa kuwapokea, nendeni Ghadames. Ni takriban kilomita 600 kusini-magharibi ya Tripoli, karibu na mahali ambapo mipaka ya Libya, Tunisia na Algeria inakutana. UNESCO iliuweka mji mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1986, ikauingiza kwenye orodha ya hatari mwaka 2016 pamoja na maeneo mengine manne ya Libya, na mwaka 2025 ikautoa kwenye orodha hiyo ya hatari baada ya kukarabatiwa. Ni habari njema adimu kutoka nchi ile, na wenyeji wanastahili pongezi.

Vichochoro vya Ghadames vimeezekwa juu, hivyo mchana unatembea gizani, na mwanga unashuka kwa vipande kupitia matundu. Kuta ni za matofali ya udongo, dari za magogo ya mitende. Chini walipita wanaume. Juu, kutoka paa hadi paa, palikuwa njia za wanawake, nao waliweza kuvuka mtaa mzima bila kugusa ardhi. Wewe kama mwanamke pengine utakaribishwa juu, mahali ambapo mimi nilipaona kwa mbali tu. Watu wengi walihamia nyumba mpya tangu miaka ya 1980, lakini joto likizidi hurudi katika nyumba za wazee wao, kwa sababu zile za udongo zina ubaridi ambao saruji haiwezi kuutoa.

Mji wote ulitegemea chemchemi moja, Ain al-Faras. Maji yake yaligawanywa kwa mashamba kwa kutumia chombo kilichotobolewa chini, kadusi. Msimamizi alikijaza, akakiacha kimwagike kupitia tundu, na hicho ndicho kilikuwa kipimo cha muda; kila mara kilipokwisha alifunga fundo katika ukuti wa mtende ili asipoteze hesabu. Kila shamba lilikuwa na idadi yake ya kadusi. Hapakuwa na mita wala ankara, lakini kila mtu alijua haki yake na ya jirani yake. Usisahau pia kwamba misafara iliyotoka hapa kwenda Kano na Timbuktu ilirudi na dhahabu, pembe za ndovu, na watu waliofungwa minyororo. Sisi wa Pwani tunaijua biashara hiyo kutoka Bagamoyo, basi mji uusifu kwa ukweli wake wote.

Fezzan, kusini, usiende safari hii. Najua utatamani. Kule kuna michoro ya miamba ya Tadrart Acacus yenye twiga, tembo na makundi ya ng'ombe, ushahidi kwamba Sahara iliwahi kuwa na malisho. Kule pia ndiko kwa Wagaramante, waliojenga ufalme wao kuzunguka Garama, Jarma ya leo, kwa kuchimba mamia ya mifereji ya chini ya ardhi, foggara, inayotoa maji kwenye mwinamo wa kilima bila pampu. Waliyatoa maji mpaka yakashuka chini ya uwezo wao, na ufalme ukafifia. Maji utakayokunywa Tripoli yanatoka huko huko: mradi wa Mto Mkubwa wa Kutengenezwa na Binadamu, ulioanza kujengwa 1984, unayasukuma kutoka kina cha jangwa kwa mabomba yenye kipenyo cha mita 4, na yakaufikia mji mkuu mwaka 1996. Ni maji ya maelfu ya miaka, na mvua ya leo hairudishi yanayotolewa. Mwaka 2019 watu wenye silaha waliufunga mtambo wa mradi huo, mji mkuu ukakosa maji kwa muda. Na usidhani jangwa linaua kwa kiu tu. Septemba 2023 mvua ya dhoruba ilivunja mabwawa mawili juu ya mji wa Derna, maelfu wakafa usiku mmoja. Hivyo mkiona korongo kavu zuri la kupumzikia, pumzikeni juu yake, kamwe msilale ndani.

Jambo la mwisho ni zito. Maelfu ya Waafrika weusi wanaopita Libya kwenda Ulaya wamekamatwa, wamefungwa na wengine kuuzwa. Umoja wa Mataifa umeliandika hilo miaka mingi. Ngozi yako ni ngozi yao. Pasipoti, viza na kibali chako cha ukaazi cha Tunisia viwe mwilini mwako saa zote, nakala zake ziwe kwa mwenyeji wako, na usitembee peke yako hata dukani. Hilo halifuti ukarimu wa watu wa kawaida, ambao ni mkubwa. Watakuandalia bazini, ambayo ni ugali wa shayiri uliozungukwa na mchuzi wa kondoo, mnakula sinia moja kwa mkono wa kulia. Na chai yao ni ya povu, vikombe vidogo, kwa awamu. Usiinuke baada ya kikombe cha kwanza.

Kabla hujavuka Ras Ajdir, mpigie mama yako, kisha uulize kama mpaka uko wazi, maana Machi 2024 ulifungwa kwa miezi kadhaa. Na ukiwa Ghadames tafuta mzee aliyewahi kulima kwa kadusi. Mwulize zamu zilivyorithiwa, zilivyouzwa, na nani aliamua ugomvi ulipotokea. Andika yote kwenye daftari, uniletee. Wazee hao ni wachache, na sijui kama kuna mwingine atakayewauliza.

Wako akupendaye,
Mjomba Salim